Mama anataka kumfungia mdogo wangu ndani mpaka arosto iishe. Naombeni ushauri

Dada wa Tandika
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, anatumia unga (heroini). Mwanzo tulidhani ni bangi tu. Siku hizi anasinzia na kijiko mkononi, wali unamwagika, ukimshtua anakataa kwamba alilala. Jumapili nimekuta bomba la sindano ndani ya soksi yake. Amelia, anasema anataka kuacha. Mama anataka tumfungie chumbani wiki nzima mpaka arosto, yaani mateso ya kukosa unga, iishe, kisha apelekwe kijijini kwa babu. Mimi naogopa. Tafadhali, matusi sina nguvu nayo.

Kaka Juma
Mfungieni tu dada. Arosto haiui mtu.

Nesi wa Mbagala
Pole sana mdogo wangu. Kaka Juma, hapana. Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya kukosa dozi: miayo, kamasi, jasho, vinyweleo kusimama, halafu kutapika na kuharisha. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Aliyefungiwa, anaharisha na hanywi maji, anaweza kufa. Na kama anachanganya na valium (vidonge vya kutuliza) au pombe, kukatishwa ghafla kunaweza kumletea degedege.

Kinachonitisha zaidi ni akishatoka. Mwili ukikaa bila unga hauhimili tena kiasi cha zamani, lakini hamu bado ipo. Anarudi maskani, anajichoma kipimo kile kile alichozoea, pumzi inakata. Kijijini kwa babu hakumwondolei hatari hiyo, kunaisogeza mbele tu.

Mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa badala ya heroini. Muhimbili walianza mwaka 2011, na Temeke kwenu ipo. Dawa ni ya maji, anainywa mbele ya mfamasia kila siku, bure. Watampima pia VVU, homa ya ini na kifua kikuu, maana mabomba wanachangia.

Bajaji Mbili
Nesi kasema kweli tupu. Mimi nakunywa methadoni na kazi nafanya. Dada, jipangeni na nauli. Dawa ni bure lakini kliniki ni kila siku, na wenzetu wengi wanakwama hapo. Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi inashushwa anaanza kupandishwa upya. Na akishaanza, valium aache kabisa, ila si ghafla, aachishwe na kliniki, methadoni na valium pamoja zinazima pumzi.

Kwa sasa msimwache ajifungie chooni peke yake. Mkimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, mlazeni ubavu na mkimbilieni hospitali. Semeni wazi ametumia unga, ili wamchome naloksoni, dawa ya kurudisha pumzi. Maziwa na maji ya baridi hayasaidii, nimeona watu wakipoteza muda nayo.

Dada wa Tandika
Mungu awabariki. Mama anauliza, si ndiyo kutoa kilevi kimoja na kumpa kingine?

Nesi wa Mbagala
Shikamoo kwa mama. Mwambie kete moja ya unga inamshika saa chache tu kisha anahangaika kutafuta nyingine. Methadoni kwa dozi sahihi inamshika siku nzima bila stimu, anapata akili ya kula, kulala na kutafuta kazi. Wengine huitumia miaka, na si aibu. Mama aje naye, wanapenda mgonjwa awe na ndugu. Waje asubuhi mapema, na kijana aseme vidonge vyote anavyomeza, asifiche hata kimoja.