Mjadala: Je, Rudolph Walker alikosea kukubali kuwa Bill Reynolds?

Msomaji wa Magomeni

Ndugu zangu, wenzetu walioko Uingereza wanamfahamu Rudolph Walker kama Patrick Trueman, yule mzee wa kofia anayeonekana katika tamthilia ya EastEnders ya BBC tangu mwaka 2001. Mwaka 2006 alitunukiwa OBE, yaani nishani ya Dola ya Uingereza, na mwaka 2020 akapandishwa daraja na kupewa CBE. Lakini kabla ya hayo yote, kuanzia Aprili 1972 hadi Januari 1976, ndiye aliyekuwa Bill Reynolds katika Love Thy Neighbour, kipindi cha vichekesho ambamo jirani yake mzungu, Eddie Booth, alimwita majina ambayo sitayaandika hapa, na watazamaji wakacheka. Nauliza: je, alikosea kuikubali nafasi ile? Mimi naona alikosea, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa kazi zake. Mtu anaweza kuwa na njaa bila kuuza heshima ya waliomzaa.

Msanii wa Jukwaani

Bwana Msomaji, hoja yako ningeipita kimya kimya, lakini sentensi ya mwisho imenichoma. Mimi ni mwigizaji Nairobi, na katika maisha yangu nimeigiza mlinzi wa lango mara nne, na mara zote nne mlinzi huyo alikuwa mpumbavu. Je, nami nimeuza walionizaa? Walker aliondoka Trinidad mwaka 1960 akiwa kijana aliyekwisha kupita katika kikundi cha maigizo cha Derek Walcott, na hadi kupata nafasi ya Bill Reynolds alikuwa amezunguka Uingereza miaka kumi na miwili. Kumbuka kwamba katika miaka hiyo BBC yenyewe ilikuwa ikionyesha kipindi cha waimbaji wazungu waliojipaka nyuso rangi nyeusi, ambacho kilianza mwaka 1958 na hakikuondolewa hadi mwaka 1978. Ulitaka aende wapi? Tena hakuikubali nafasi ile kikondoo. Alishikilia kwamba Bill asiwe mtu wa kuinamisha kichwa, bali naye ajibu, na katika kipindi kile Bill alijibu kweli kweli, tusi kwa tusi na wakati mwingine ngumi kwa tusi.

Kijana wa Bamburi

Pole, Msanii. Mara ya tano wakupe lango lenyewe uigize, angalau lango halitukanwi.

Nami nina langu. Walker huyu, ambaye kama sikosei ni Mjamaika, aliwahi kufanywa mfalme wa Afrika katika filamu ya King Ralph ya mwaka 1991. Na mfalme wa wapi? Wa Zambezi, nchi ambayo haipo! Mto wanao, nchi hawana. Wangalipungukiwa nini kumpa nchi yenye posta?

Msanii wa Jukwaani

Umekosea. Nimeandika Trinidad hapo juu, nawe unasema Jamaika. Hata Patrick Trueman mwenyewe katika tamthilia ni mtu wa Trinidad. Kwa mtu wa visiwa vile ni sawa na kumwita Mmombasa mtu wa Kisumu, kisha ushangae anaponuna.

Kijana wa Bamburi

Nimekubali, ni Trinidad. Ila nchi ya Zambezi bado haipo.

Bi wa Leicester

Nimesoma kwa makini, nami naomba nafasi kwa sababu wengi wenu mnakizungumza kipindi mlichokisikia, ilhali mimi niliishi ndani yake. Nilizaliwa Kampala, baba yangu ni wa ukoo wa Kachchh, India, na mama yangu ni Mzanzibari, ndiyo maana naandika Kiswahili hiki. Idi Amin alipotangaza mwezi wa Agosti 1972 kwamba Waasia tuondoke kwa siku tisini, tulipelekwa Uingereza pamoja na watu wapatao 28,000, na tukaishia Leicester, mji ambao baraza lake lilikuwa limetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kutuomba tusiende. Love Thy Neighbour ilikuwa na miezi michache tu hewani. Wiki yangu ya kwanza skuli, mtoto mmoja aliniita jina ambalo Eddie Booth alimwita Bill usiku uliotangulia. Mimi si Mwafrika wala si mtu wa visiwa vya Karibi, lakini yeye hakuona tofauti yoyote, naye alikuwa na haki ya kutoiona, kwani televisheni ilimfundisha kwamba neno hilo ni la jirani yeyote asiyefanana naye.

Msanii anasema Bill alijibu. Ni kweli, na mara nyingi Eddie ndiye aliyeaibika mwishoni. Lakini watoto wale hawakuiga mwisho wa kipindi. Waliiga katikati.

Msomaji wa Magomeni

Ahsante sana, mama. Umesema nilichoshindwa kukisema. Naongeza kwamba Waziri Mkuu wa Uingereza... hapana, nasahihisha, alikuwa mbunge tu, Enoch Powell, ambaye mwaka 1968 kule Birmingham alitoa hotuba ile ya kutabiri damu kwa sababu ya wahamiaji. Miaka minne tu baadaye mnaleta kichekesho cha jirani mweusi! BBC ilipaswa kuona aibu.

Msanii wa Jukwaani

Haikuwa BBC. Ilikuwa ITV, kupitia kampuni ya Thames. Watunzi walikuwa Vince Powell na Harry Driver, na huyo Powell wa vichekesho hana undugu na hotuba ya Powell mwingine. Nasema mapema kwa sababu najua mjadala huu unakoelekea.

Mpita Njia

Samahani nikiingia kwa ukali. Bi wa Leicester anatulilia kuhusu jina aliloitwa skuli, lakini mbona hatuelezi majina ambayo Waasia wa Kampala waliwaita wafanyakazi wao wa Kiafrika dukani na jikoni? Neno «golo» lilitoka wapi? Huenda baba yake alilisema asubuhi Kampala, kisha bintiye akasikia mwenzake jioni Leicester, na hapo ndipo ubaguzi ukawa dhambi.

Msomaji wa Magomeni

Ndugu Mpita Njia, hii si adabu. Baba wa mtu humjui.

Mpita Njia

Sikumtaja kwa jina. Nimesema huenda.

Kijana wa Bamburi

Hilo «huenda» lako limevaa viatu kabisa na linabisha hodi mlangoni kwa mama wa watu.

Bi wa Leicester

Mwacheni, nitamjibu mwenyewe. Ndugu yangu, neno hilo nililisikia, na nililisikia nyumbani. Alilitamka shangazi yake baba, na mama yangu, ambaye kwao Zanzibar ndugu zake wana rangi ya kila namna, aliinuka mezani akaenda kukaa uani hadi usiku. Kwa hiyo hukunifunulia siri yoyote. Ila angalia ulichokifanya: niliandika juu ya mtoto wa miaka tisa, nawe umemjibu shangazi aliyekwisha kufa. Kama unaamini kwamba tusi la shangazi lilihalalisha tusi la skuli, basi umesimama upande wa Eddie Booth bila kulipwa mshahara wake.

Mpita Njia

Mama, mshahara wa Eddie siutaki. Nilichotaka ni mizani. Lakini neno «huenda» nalifuta.

Mwalimu wa Tanga

Nimestaafu ualimu na nina muda, kwa hiyo mtanivumilia. Naona pande zote mbili zinabishana kama vile Kiswahili hakina neno la jambo hili, ilhali neno lipo, nalo ni utani. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani; mtani anaweza kuja msibani kwako akamsimanga marehemu, akadai alipwe ndipo aondoke kaburini, nawe huruhusiwi kukasirika. Kwa juu juu, Bill na Eddie wanafanana na watani: wanapakana ua, wanafanya kazi kiwanda kimoja, wanasimangana kutwa, na wake zao wanapatana. Nadhani hata watunzi walidhani wanaandika kitu cha namna hiyo, yaani majirani wawili wajinga, mmoja mjamaa wa chama cha wafanyakazi ambaye ujamaa wake unakomea uani kwake, na mwingine mweusi anayewapigia kura Wahafidhina, jambo ambalo linamuudhi Eddie kupita rangi yenyewe.

Lakini utani una masharti. Sharti la kwanza ni kwamba watani wawe sawa mara wanapomaliza kutaniana. Mzaramo akiondoka msibani, hakuna polisi, mwenye nyumba wala mwajiri anayemsubiri Mnyamwezi nje ili ayaendeleze yale masimango kwa njia nyingine. Uingereza ya mwaka 1972 haikuwa hivyo. Sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba na ajira ilikuwa na miaka minne tu tangu ipitishwe, na iliyokuwa na meno zaidi ilikuja mwaka 1976, mwaka ule ule kipindi kilipokoma. Bill akimwita Eddie jina la kumdhihaki kwa weupe wake, jina hilo lilimnyima Eddie nini? Halikumnyima chumba cha kupanga.

Kwa hiyo simlaumu Walker. Namlaumu aliyechukua utani wa upande mmoja akaupima kana kwamba ni wa pande mbili.

Kijana wa Bamburi

Shikamoo, Mwalimu. Mimi kwa uelewa wangu mtani hulipwa, na Walker alilipwa. Kwa hiyo sharti moja limetimia.

Mwalimu wa Tanga

Marahaba. Mtani hulipwa na wafiwa, kijana. Walker alilipwa na kituo cha televisheni, na wafiwa walikuwa wameketi nyumbani wakiangalia.

Msanii wa Jukwaani

Mwalimu, nimekusoma mara mbili na nakubali nusu. Lakini mnamtendea Walker kama mtu aliyezaliwa mwaka 1972 na kufa mwaka 1976. Aliigiza Othello katika jukwaa la Young Vic jijini London mwaka 1984. Mwaka 1985 aliongoza Black Silk ya BBC, akiwa wakili mweusi mahakamani, katika tamthilia iliyotungwa na Rudy Narayan, wakili mweusi wa kweli, pamoja na Mustapha Matura, mtunzi mwenzake wa Trinidad. Baadaye akawa konstebo mzee katika The Thin Blue Line. Ni nani kati yetu aliyeanza mjadala kwa Othello? Hakuna. Tumeanza na Eddie Booth, na ndiyo kazi ya Eddie Booth hadi leo: kutufanya tumtazame yeye.

Tena kuna jambo ambalo watazamaji wa EastEnders humu wamelisahau. Patrick Trueman aliletwa katika ule uwanja wa Albert Square mwaka 2001, na rafiki yake mkubwa akawa Jim Branning, aliyeigizwa na John Bardon. Jim huyo alipoanza katika tamthilia alikuwa mbaguzi wa wazi, baba asiyetaka kumwona mkwe mweusi. Wazee wale wawili wakaishia kunywa rom pamoja na kugombana juu ya mambo yasiyo na maana. Kwangu mimi hilo ni Love Thy Neighbour iliyoandikwa upya na watu waliojifunza, huku mwigizaji yule yule akiwa ameketi upande ule ule wa ua. Mwigizaji asiyevumilia mwaka 1972 hafiki hapo.

Msomaji wa Magomeni

Hoja ya Jim Branning ni nzuri, ila nishani bado inanisumbua. Benjamin Zephaniah, mshairi, aliikataa OBE mwaka 2003 kwa sababu ya lile neno «Dola» lililomo ndani ya jina la nishani hiyo. Walker aliipokea miaka mitatu baadaye, na CBE akaipokea pia. Kama heshima ndiyo inayomsukuma, kwa nini asikatae?

Msanii wa Jukwaani

Ulianza kwa kusema alikosea kukubali kazi. Sasa amekosea kukubali zawadi. Akifa utasema amekosea kukubali jeneza. Mzee huyu ana wakfu wenye jina lake unaowasaidia vijana wanaotaka kuingia katika sanaa. Hizo herufi tatu baada ya jina humfungulia milango ambayo mimi ningeifungua kwa bega.

Msomaji wa Magomeni

Mimi sikusema alikosea yeye kama mtu. Nilisema kipindi kile hakifai kurudiwa hewani.

Kijana wa Bamburi

Bwana Msomaji, panda juu usome ulichoandika. «Mimi naona alikosea.» Bado kipo pale, wala hakijahamia Zambezi.

Msomaji wa Magomeni

Basi nauliza upya: kirudiwe au kisirudiwe? Vituo vikubwa havikirudii, lakini DVD zake zimeuzwa, na yeyote anaweza kununua.

Mwalimu wa Tanga

Kirudiwe darasani, si sebuleni. Nami ningependa kuwapo darasani humo, kwa sababu ningewauliza wanafunzi wasijishughulishe na matusi, ambayo ni mepesi kuyaona, bali wasikilize kicheko cha watazamaji na kuandika kila mara kinapotokea kabla Bill hajajibu na kila mara kinapotokea baada yake.

Mpita Njia

Hilo nimelipenda. Kama kuna mtu mwenye DVD, mimi nitahesabu.

Bi wa Leicester

Hesabuni, mtaniambia. Nilipokuwa kijana nilimchukia Walker kwa miaka mingi. Kisha siku moja ya mwaka 2014, Patrick alipopata kiharusi katika EastEnders, nilijikuta nimezima jiko na kukaa chini, kwa sababu mume wangu alikuwa amepatwa na kiharusi mwaka mmoja kabla, na yule mzee alikuwa akilitafuta neno mdomoni vile vile hasa. Sijui kama hilo ni msamaha. Sikumwomba mtu aniambie.

Ila nina swali, nalo nashangaa kwamba posti zote hizi hazijaligusa. Bill alikuwa na mke, Barbie, na Eddie alimkodolea macho sebuleni kwa watu miaka minne. Mwigizaji wake ni Nina Baden-Semper, naye ni mtoto wa Trinidad kama Walker. Mmebishana juu ya heshima ya mwanamume huyo, nishani zake, mshahara wake na rafiki zake wa rom. Yeye je, alikosea au hakukosea?

Kijana wa Bamburi

Bi, samahani, hivi rom ya Patrick ni ya Trinidad au ya Jamaika?

Bi wa Leicester

Bado nangoja jibu kuhusu Nina Baden-Semper.