Tairi moja linapungua upepo kidogo kidogo ila msumari hauonekani

Msafiri_Taratibu
Wakuu habari, naombeni msaada. Tairi la nyuma kulia linaisha upepo polepole, nalijaza mpaka psi 32, siku ya nne nikipima liko 24, mengine matatu hayashuki. Ni tyublesi, halina tyubu ndani. Nimelikagua lote kwa tochi, hakuna msumari wala waya, fundi pancha naye kalizungusha kwenye beseni la maji akasema hili zima, nikaondoka nalo na likashuka vilevile. Sasa nitembee na pampu kwenye buti mpaka lini?

mzee wa jeki
Mkuu pima asubuhi gari halijatembea, tairi likipata moto namba inapanda unajidanganya. Hata tairi zima hupoteza psi 1 mpaka 3 kwa mwezi, ila 8 kwa siku nne hapo upepo unatoka mahali. Anza na valvu, watu wanairuka sana. Toa kifuniko, pakaza mate kwa kidole pale mdomoni, ikitoa povu kaza ile pini ya ndani au weka mpya, dakika mbili tu. Halafu mwagia maji ya sabuni kile kishina cha mpira ukilaze huku na huku, kikizeeka kinapasuka chini na ufa hauonekani mpaka ukikunje.

Kipara14
weka tyubu yaishe, mimi mwaka wa pili huu

dada_spana
Kipara usimpoteze mwenzio. Tyubu ndani ya tyublesi inasuguliwa na ikitoboka inaweza kushuka ghafla uko spidi, wakati tyublesi ikichomwa msumari mara nyingi inakupa muda wa kufika.
Msafiri mimi nashuku rimu. Livue ulilaze, koroga sabuni mwaga mzunguko wote pale tairi linapokutana na rimu, nje kisha geuza na upande wa ndani, halafu SUBIRI hata dakika kumi, uvujaji mdogo povu lake linakuja jeupe dogo dogo na ukiharakisha hulioni (ndo nadhani kilichomponza fundi wako). Likitokea hapo usikubali kuchomekewa uzi wa kuziba pancha, uzi ni wa tundu la kwenye kashata (pale tairi linapokanyaga barabara). Lifunguliwe, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe gundi ya ukingo ndo lirudishwe.

Msafiri_Taratibu
Dada umepiga mulemule. Valvu safi, ila upande wa ndani povu lilianza kama dakika ya saba hivi, tena sehemu mbili. Tulivyofungua kutu imevimba kama magamba na imeunyanyua ukingo wa tairi. Tumesugua tukapaka gundi, leo siku ya sita liko 32 bado.

Mama_Buti
Nadandia hapohapo, mimi msumari nauona kabisa katikati ya kashata ila upepo unashuka kidogo sana, niuchomoe?

mzee wa jeki
Usiuchomoe mama, huo ndo umeziba tundu lake. Jaza upepo, nenda polepole mpaka kwa fundi, alifungue akague ndani kisha azibe tundu na kubandika kiraka kwa ndani. Tundu likizidi milimita 6 au likiwa ubavuni hapo hakuna kuziba, ni tairi jipya.

Kipara14
sawa mafundi, tyubu yangu mniachie