Wakuu, kuna uwezekano wa theluji kuanguka Kitulo wikiendi ya Sabasaba? Naomba ushauri wa haraka

Mchungulia_Anga:
Habari za jioni wanajukwaa. Niko Uyole, Mbeya. Ni mtu wa kufuatilia hali ya hewa, siyo kazi yangu, ni ugonjwa tu nilionao tangu shule ya msingi. Nina kipimajoto nimekitundika kwenye mparachichi, na kuanzia Mei kila alfajiri naamka kukisoma kwa tochi ya simu, naandika kwenye daftari. Kila mwaka najiambia mwaka huu theluji itadondoka.

Sasa programu ya simu imeweka alama ya theluji Kitulo, Jumamosi tarehe 5 Julai, nyuzi sifuri. Juzi iliweka, jana ikafuta ikaweka jua, leo asubuhi ikarudisha, saa sita mchana ikafuta tena. Silali. Chakula hakipiti. Naomba kujua: itaanguka au haianguki? Na kama haianguki Kitulo, kuna sehemu nyingine ya karibu inayoweza kupata tarehe hizo hizo, kati ya 4 na 7? Majibu ya kiutu uzima tafadhali.

kona57:
Mkuu, ya Kilimanjaro yenyewe inaisha tunaitazama hivi hivi, wewe unaagiza nyingine?

Boda wa Soweto:
Msimcheke. Wiki iliyopita nilipeleka abiria Isyonje saa kumi na moja alfajiri. Vidole viligoma kukamata breki, nilisimamisha pikipiki kwa miguu. Abiria akashuka akashindwa kufungua pochi, akasema nikusaidie utoe mwenyewe hela yangu. Nikatoa buku tano, yeye anatetemeka tu hata chenji hakuuliza. Kama ile siyo theluji basi sijui ni nini. Halafu naulizia, nani anajua wanapouza yale makoti ya mtumba yenye manyoya ndani? Pale Mwanjelwa wameyapandisha bei kama wanauza kiwanja.

Mkinga_wa_Juu:
Kamwene. Nalima viazi upande wa Matamba, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Hicho kitu huku tunakiita sakitu, na wala hakianguki. Kinaota. Unalala shamba la kijani, unaamka shamba jeupe.

Dalili zake hazina siri. Mchana jua kali, anga halina hata kipande cha wingu, jioni upepo unakata ghafla na nyota zinakaribia. Usiku huo mbwa analilia mlango. Asubuhi maji ya kwenye beseni yameganda gamba jembamba kama kioo cha chemli, watoto wanalivunja na kulilamba. Ng'ombe aliyelala nje ana unga mweupe mgongoni, ukimpiga kofi unaruka. Ni pazuri, sikatai, hata mimi huwa nasimama kidogo kutazama kabla sijakumbuka ni hasara yangu.

Maana jua likishapiga vizuri, kwenye saa mbili hivi, weupe unakwenda zake. Ndipo unaona majani ya viazi yamelegea. Ikifika saa sita ni meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Kuna mwaka nilikuwa na ekari mbili za vinyungu bondeni, maua ndiyo yanaanza. Usiku mmoja tu. Na jirani yangu ambaye nilikuwa namcheka kwa kung'ang'ania kulima kwenye mteremko, lake halikuguswa, kwa sababu baridi ni kama maji, inatelemka inakaa chini. Mpaka leo akinikuta kilabuni ananiuliza bonde linasemaje.

Kwa hiyo kijana ukiombea hiyo kitu ije, omba taratibu, wengine tuna viazi.

Mama Tumaini:
Mwanangu, chakula hakipiti kwa sababu ya mvua ya barafu? Hapo kuna jambo. Umeoa?

Mwl. Mstaafu Tukuyu:
Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja, nijibu kwa kifupi. Ukipanda mita elfu moja, joto hupungua wastani wa nyuzi sita na nusu. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600. Mtorwi, ulio mrefu kuliko yote kule, una mita 2,961, na Rungwe wetu karibu sawa na huo. Kilimanjaro ni 5,895. Sasa hewa ya ukanda wetu hufika nyuzi sifuri juu ya mita elfu nne, mara nyingi inakaribia elfu tano. Theluji hutengenezwa ndani ya wingu lenye baridi. Wingu la Kitulo halijafika huko.

Mtauliza, mbona beseni la mzee wa Matamba linaganda? Linaganda kwa sababu usiku wa anga safi ardhi inatoa joto lake lote linapaa, hakuna wa kulizuia. Wingu ni blanketi. Usiku wenye mawingu haugandi, na usiku unaoganda hauna wingu la kuangusha kitu. Hapo ndipo alipokwama huyu kijana: anataka mtu avue blanketi na kujifunika kwa wakati mmoja. Niliwahi kuuliza swali hili kwenye mtihani wa ndani, darasa zima alipata mmoja, na huyo sasa anauza vipuri Kyela.

Mchungulia_Anga:
Mwalimu shikamoo. Nakuheshimu ila Johannesburg ilianguka Julai 2023, tarehe 10, watu walipiga picha. Na Joburg haifiki hata mita elfu mbili, Kitulo ni juu zaidi. Hapo unasemaje?

Mwl. Mstaafu Tukuyu:
Marahaba. Johannesburg iko nyuzi 26 kusini mwa ikweta, sisi tuko tisa. Hewa ya kutoka upande wa ncha ya kusini inafika kwao bado mbichi. Ikija mpaka huku imeshaota jua la bahari njia nzima. Fungua atlasi, urefu wa mlima peke yake haujibu swali.

Zebaki_Bristol:
Salamu kutoka Uingereza, kusini magharibi. Kijana wa Uyole, una ndugu wengi huku. Kuanzia Novemba kuna watu wanakesha na ramani za utabiri wakisubiri theluji ambayo kwa eneo letu ni ya kubahatisha. Bahari imetuzunguka na upepo mwingi unatoka magharibi, umepita juu ya Atlantiki yenye uvuguvugu, unatuletea manyunyu tu. Ili ianguke ya maana, upepo lazima ugeuke utoke mashariki, upande wa Urusi, kama mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 2018. Siku hizo mkate uliisha dukani, mimi nilikula ugali siku tatu, sikuona tofauti.

Hiyo alama yako isikutie presha. Kompyuta ya utabiri ya Wamarekani hupiga hesabu upya mara nne kwa siku, na programu nyingi za simu zinachota huko. Ikiwa bado siku kumi inakuonyesha theluji, zikibaki tano ni manyunyu, siku yenyewe jua. Huku watu wazima wanagombana kwa ajili hiyo. Krismasi nyeupe kwa idara yao ya hali ya hewa ni chembe moja tu ionekane ikianguka ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba. Chembe moja! Na kuna wanaocheza kamari juu yake.

Ila kuna kitu sijaelewa. Mpenzi wa theluji hana tarehe, akiipata Agosti anafurahi. Wewe kwa nini lazima iwe kati ya 4 na 7?

Mchungulia_Anga:
Ni wikiendi ndefu tu mkuu. Kuna wageni wanakuja.

Zebaki_Bristol:
Wageni gani?

Mchungulia_Anga:
Watu wa Dar. Kumi na wanne.

Mama Tumaini:
Ndugu zako?

Mchungulia_Anga:
Mmoja ni mjomba wa mchumba wangu.

Mama Tumaini:
Na hao kumi na watatu?

Mchungulia_Anga:
Wamelipia.

kona57:
😂😂😂😂 Chakula kitapita vipi sasa

Mchungulia_Anga:
Subirini kwanza kabla ya kuhukumu. Ni 85,000 kila kichwa, usafiri, chakula na malazi, sijamwibia mtu. Sikuandika "uhakika". Niliandika NJOO UONE THELUJI BILA KUPANDA KILIMANJARO, na chini yake kwa maandishi madogo nikaweka "kulingana na hali ya hewa". Laki saba nimeshampa mwenye Coaster na amesema hairudi. Laki mbili na nusu nimenunua kofia za sufu, glavu na kipimajoto kipya cha kidijiti, maana watataka kuona namba. Iliyobaki ni ya chakula.

Na mpango ninao. Tunalala Matamba, nawaamsha saa kumi na moja, tunapanda uwandani kungali giza, kukipambazuka wanaona kweupe. Wanapiga picha. Kabla ya saa mbili nawarudisha kunywa chai. Ni nyeupe, ni baridi, inayeyuka mkononi. Tatizo liko wapi? Mtu wa Kariakoo ataitofautishaje?

Mama Tumaini:
Rudisha hela za watu mwanangu. Uchumba ulioanza kwa kumdanganya mjomba hauna posa nzuri. Mimi mwenyewe nilichumbiwa na mtu aliyesema ana lori. Lori lilikuwa la bosi wake, tukalijua siku ya mahari, limekuja kuchukuliwa na mwenyewe na masufuria yetu yakiwa humo ndani. Tulioana, ndiyo, lakini miaka ishirini na sita kila akiniambia anakwenda sokoni nauliza soko la nani.

Mwl. Mstaafu Tukuyu:
Kuna maua pale Kitulo kijana. Hifadhi ile ilitangazwa 2005 kwa ajili ya maua, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Okidi tupu. Wapeleke wakaone maua.

Mchungulia_Anga:
Mwalimu, maua ni Novemba mpaka Aprili. Julai ni majani makavu.

Mwl. Mstaafu Tukuyu:
Ni kweli. Nilijisahau.

Njombe_Mjini:
Nawapinga wote. Bibi yangu aliniambia Njombe ilianguka akiwa msichana, ikavunja mabati ya kanisa.

Mkinga_wa_Juu:
Iliyovunja mabati ni mvua ya mawe. Theluji haivunji bati kwa siku moja.

Njombe_Mjini:
Bibi hakuwa mwongo.

Pilato:
Nimesoma uzi huu kuanzia juu. Wakuu, hii ni chai. Tena chai ya Tukuyu, imetiwa tangawizi. ID imefunguliwa wiki hii. Ameanza na "silali", hajamaliza saa moja ameshataja bei, idadi ya siku, malazi na saa ya kuamka. Hili ni tangazo! Kesho utaona "zimebaki nafasi mbili, njoo PM". Hakuna mjomba wala Coaster. Mwenye kipimajoto kwenye mparachichi ni nani katika dunia hii?

Boda wa Soweto:
Daah. Mimi nilishataka kuuliza kama watoto wanalipa nusu.

kona57:
Na mimi nilishamhurumia mpaka nikaacha kucheka dakika nzima. Rudisha dakika yangu.

Mama Tumaini:
Kwa hiyo lori langu nimelisimulia bure?

Mchungulia_Anga:
Naapa siyo chai. Pilato kama huamini hili hapa ndilo tangazo nililosambaza kwenye magrupu tarehe 9 Juni. Nimeziba namba ya simu. Na hii ni daftari yangu, angalia wino, kuna kurasa za miaka sita. Tarehe 21 Juni, Uyole, saa 11:40 alfajiri, nyuzi 4. Nani anatunga vitu kama hivi?

*[picha mbili]*

Pilato:
Daftari naikubali, lina hata doa la chai, samahani kwa neno hilo. Tangazo picha umepiga wapi?

Mchungulia_Anga:
Kitulo.

Zebaki_Bristol:
Kijana. Kuza picha, kona ya kulia chini, nyuma ya ukuta wa mawe. Unaona kitu chekundu kimesimama?

Mchungulia_Anga:
Naona. Nilidhani ni mtungi wa gesi.

Zebaki_Bristol:
Ni sanduku la posta la Uingereza.

kona57:
Nimelala chini jamani. Mtungi wa gesi uwandani Kitulo, unapikia swala.

Pilato:
Naondoa shutuma ya chai. Huyu ni mkweli kabisa, ni mwongo wa kweli.

Mchungulia_Anga:
Chekeni. Coaster inaondoka Dar Alhamisi usiku.

Mkinga_wa_Juu:
Kijana, sikiliza. Leo alfajiri kwangu beseni liliganda, na jirani wa mteremkoni leo naye amepata, nimekwenda kumuuliza mteremko unasemaje. Kesho kukiwa kweupe nitapiga picha ya shamba na ng'ombe, nitakutumia. Waoneshe hiyo mapema, kabla hawajapanda gari, atakayetaka kubaki abaki. Wakija, nina nyumba ya vyumba vitatu na maziwa ya moto yapo, buku kikombe. Ila kwenye tangazo futa theluji, andika sakitu.

Mchungulia_Anga:
Mzee asante sana, ndaga. Picha nitaipokea na maziwa tutakunywa. Lakini hilo neno haliuzi. Nikiandika sakitu mtu wa Dar ataniuliza sakitu ndiyo nini.

Mtoto_wa_Mbagala:
Nimechelewa kidogo wakuu, sijasoma huko juu. Niko Dar. Sakitu ndiyo nini?