Naomba ushauri: kioo cha metali bila beriliamu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niko nyumbani Lamu, naandaa mradi wa shahada kuhusu kioo cha metali, yaani aloi (mchanganyiko wa metali) inayoganda kabla atomi zake hazijapata kujipanga. Mwaka 1960 dhahabu na silikoni, ili ziwe kioo hicho, zilihitaji kupozwa kwa kasi ya takriban nyuzi joto milioni moja kwa sekunde. Changanya zirikoniamu, titaniamu, shaba, nikeli na beriliamu, nyuzi moja hivi kwa sekunde yatosha! Atomi za ukubwa tofauti husongamana, fuwele (yaani atomi zilizojipanga kwa mpangilio) zikakosa nafasi ya kuota. Lakini vumbi la beriliamu huharibu mapafu, sitaki kuligusa. Nikiweka alumini badala yake, niongeze shaba au nikeli? Na oksijeni naizuiaje kwenye tanuri? Nisaidieni, wallahi nimekwama.