Oda ya watu wawili Nairobi: choma, samaki, sinia na bili

NyotaYaDonholm aliuliza:

Wadau, hamjambo. Mimi na mume wangu tumeamua kula nje Jumamosi moja kila mwezi. Bajeti ni 3,500 kwa wote wawili, nauli kando. Yeye ni mtu wa choma. Mimi nyama nyekundu situmii, ila samaki, kuku na mboga nala bila shida.

Yanayotusumbua ni matatu. Nyama huchelewa, na ikifika ni mifupa mitupu. Chakula cha sinia hubaki nusu. Halafu bili huja na laini za ziada tusizozielewa. Sitafuti orodha ya hoteli nzuri, hizo zimejaa kila mahali. Nataka kujua watu wawili tu wanaagizaje: waulize nini jikoni, kiasi gani, na kipi kitangulie.

MakaaYaKariokor alijibu:

Dada, nianze na mizani, maana hapo ndipo pesa ya choma inapopotelea. Choma huuzwa kwa uzito wa nyama mbichi, mfupa ukiwemo. Kilo ya mbuzi ikitoka motoni imeshaacha maji na mafuta kwenye makaa, ikabaki kama gramu 650 au 700, na bado humo mna mifupa. Kilo moja basi ni ya walaji wawili au watatu. Kwenu mlaji wa nyama ni mmoja: pimeni nusu. Mkiambiwa choma ya hapo huanzia kilo, ondokeni. Sehemu ambazo bucha na jiko viko pamoja, kama Kenyatta Market, Kariokor na Burma, nusu ni oda ya kawaida.

Kipande mchague wenyewe kikiwa bado kimening'inia. Mbavu ni tamu kwa ajili ya mafuta, lakini nusu kilo ya mbavu ni mfupa kuliko nyama, na nadhani hiyo ndiyo inayowafika. Paja la nyuma lina nyama tele, ila hukauka upesi motoni. Mwambieni muuzaji awakatie paja na aongeze ubavu mmoja au miwili. Mtazame pia rangi. Mbuzi mchanga ana nyama ya wekundu mwepesi na mafuta meupe. Ikiwa nyekundu iliyokolea na nyuzi zake ni nene, huyo ni mzee, na hata saa nzima ya moto haitamlainisha. Mhuri wa wino wa mkaguzi uonekane kwenye mzoga. Mizani isome sifuri kabla nyama haijawekwa, kisha ombeni kipande chenu kitiwe alama, kijiti au kibati chenye namba. Jiko likiwa na oda nyingi, kipande kisicho na alama hubadilishwa bila mtu kukusudia.

Kuhusu kuchelewa: nusu kilo katika vipande viwili vikubwa huhitaji dakika 40 hadi 50, na mguu mzima hupita saa. Huo ni muda wa haki. Ikiletwa baada ya dakika 15, ilichomwa asubuhi ikapashwa tu. Utaijua ikikatwa: kingo zimejikunja, na ubao unabaki mkavu. Iliyochomwa sasa hivi huacha majimaji kwenye ubao kisu kinapopita. Makaa nayo yawe yameshika jivu jeupe. Ndimi za moto zikipanda, nje hubabuka na karibu na mfupa hubaki damu, ndipo mchomaji anairudisha na nyinyi mnangoja tena nusu saa. Kwa hiyo pimeni kwanza, mwone imewekwa motoni, kisha mtembee. Msipige simu mkasema "chomeni, tunakuja", maana hapo mmewaachia wawachagulie kipande na wawapimie.

Jambo la mwisho, na kwa watu wawili ndilo kubwa: mkataji asikate nyama yote kwa mpigo. Mafuta ya mbuzi huganda mara yanapopoa, na mnaokula polepole mkizungumza mtafika nusu ya ubao nyama imeshapigwa utando mweupe. Akate nusu, nyingine irudi pembeni mwa jiko pasipo na moto mkali. Chumvi iwe kando ya ubao. Kachumbari ije bila pilipili, pilipili kwenye kisahani chake. Ugali mmoja unatosha. Wa pili mtauongeza mkiuhitaji.

UpawaWaPangani alijibu:

Makaa ameeleza vizuri upande wa baba. Sasa wako, Nyota, na naomba usikubali kuwa mtu wa kula ugali na kachumbari huku mwenzako akitafuna.

Samaki wa kukaanga huchukua dakika 20 hadi 25. Nyama ikishapata kama dakika 20 motoni ndipo uagize samaki, vitafika mezani pamoja. Ukiagiza vyote mara moja, samaki wako atapoa ukimngoja mbuzi. Omba kuonyeshwa akiwa mbichi: macho yawe maangavu yaliyojaa, si yaliyozama na kufanya ukungu, na mashavu ndani yawe mekundu. Wale waliopangwa kwenye kabati la kioo wamekaangwa mapema. Wakirudishwa kwenye mafuta ngozi huwa ngumu na mkia unavunjika kama biskuti. Ukimtaka na mchuzi, sema "wet fry", nyanya nyingi, mafuta kidogo. Ngege (tilapia) wa wastani ni wa mtu mmoja. Mbuta (sangara) huuzwa kwa vipande. Chagua cha katikati, kina mnofu na miba yake ni mikubwa, rahisi kuiona.

Penye chakula cha Kijaluo, K'Osewe pale Kimathi Street kwa mfano, au Mama Oliech kule Kilimani, usiache mboga za kienyeji. Uliza tu kama zimepikwa na maziwa, kwa sababu managu (mnavu) na kunde hutiwa maziwa au krimu mara nyingi, na tumbo lisilopatana na maziwa litakuadhibu usiku.

Sasa sinia. Linabaki nusu kwa sababu limepangwa kwa watu wanne, na anayewahudumia hatawaambia. Eastleigh, kwenye hoteli za Kisomali, acheni sinia kabisa. Agizeni sahani moja ya wali na mbuzi, kisha kipande cha kuku au samaki kando bila wali. Wali wa sahani moja unawatosha wawili, na mara nyingi supu na ndizi mbivu huja na wali bila malipo zaidi, kwa hiyo msiagize supu kabla hamjauliza. Ndizi huliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge, si baada yake. Pombe hakuna. Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri hujaa pomoni, na mchana wa Ramadhani nyingi hufungwa.

Kwa wawili wasiokula sawa, mimi napendekeza Kiethiopia kuliko vyote. Ziko nyingi Kilimani na Hurlingham. Kuna sahani ya mfungo iitwayo yetsom beyaynetu: injera moja kubwa, yaani mkate wao mpana mwembamba kama chapati, na juu yake vilima vya dengu, mbaazi, kabichi, sukuma na kiazi chekundu (beetroot). Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, bila nyama, maziwa, mayai wala siagi, kwa hiyo siku hizo hiyo sahani hupikwa upya na kamili. Jumamosi mtaipata pia, lakini ulizeni ikiwa mboga zimetiwa siagi ya viungo kama hilo ni muhimu kwako. Moja ni ya watu wawili. Mumeo aongeze tibs, vipande vya nyama ya kukaanga, ya mbuzi au ng'ombe, na hapa sema kwa sauti: tibs ije kwenye bakuli lake, isimwagwe juu ya injera. Wakiimwaga katikati, mchuzi huingia kwenye kila kilima na wewe huna tena cha kula. Akitaka kitfo, ajue hiyo ni nyama ya kusaga inayoliwa mbichi. Aseme anaitaka iliyoiva kabisa. Leb leb ni ya kupashwa nusunusu. Uchachu wa injera ni wa kawaida, unga wa teff, nafaka ya Ethiopia, huachwa uchachuke siku kadhaa. Injera za kuongeza huletwa zikiwa zimekunjwa. Ulizeni kama zinalipiwa kabla hamjazikunjua.

Kihindi nitapita haraka. Diamond Plaza, Parklands, mtazungukwa na wahudumu wenye menyu kabla hamjakaa. Kaeni kwanza, chukueni menyu moja, agizeni kwa mmoja tu, la sivyo mtapata bili tatu. Kwa wawili: mchuzi mmoja, dengu moja, mikate ya naan miwili. Wali achaneni nao.

KeshiaWaTom Mboya alijibu:

Nyota, hizo laini za bili ni mbili au tatu, na ukishazijua hazitishi. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16. Ushuru wa utalii, ambao risiti nyingi bado zinauita catering levy, ni asilimia 2. Laini ya tatu, service charge (ada ya huduma), si kodi. Hoteli imeiweka yenyewe, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, na nyingi hazina.

Kinachowachanganya watu ni kama bei za menyu zinabeba kodi au la. Tuseme mmekula vitu ambavyo kwenye menyu jumla yake ni 2,360. Kama kodi imo, chini ya risiti mtaona 2,000, VAT 320, ushuru 40, jumla 2,360. Hizo ni hesabu za kuonyesha tu, hakuna kilichoongezwa. Kama jumla ya chini imepita ile ya menyu, basi bei hazikubeba kodi, na mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo mwisho wa menyu. Soma ukurasa wa mwisho kabla ya ule wa kwanza.

Kwa bajeti yako ya 3,500: menyu ikiwa imebeba kodi, agizeni hadi 3,300 mbaki na kidogo cha mhudumu. Ikiwa haijabeba, mwisho wenu ni 2,950, bakshishi kando. Ikiwa haijabeba na kuna service charge ya asilimia 10, msivuke 2,700. Penye service charge hamna deni la bakshishi tena. Pasipo nayo, asilimia 5 hadi 10 inatosha, na mpeni mhudumu mkononi, maana ikipitia till, namba ya malipo ya hoteli, huenda isimfikie.

Kibanda kidogo kisichosajiliwa kwa VAT hakiruhusiwi kuwatoza VAT. Kinachowalazimu kujisajili ni mauzo ya kuanzia shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ukitozwa, dai risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi (KRA), yenye msimbo wa QR. Ukiisoma kwa simu itakuonyesha kama KRA inaitambua.

Malipo: till ya Lipa na M-Pesa haimkati mteja ada, ila paybill, aina nyingine ya namba ya malipo, huweza kumkata. Usitume bili kwa namba binafsi ya mhudumu hata akisema till imekwama. Soma jina la biashara kabla ya kuthibitisha. Halafu fungua bili uhesabu vitu kabla ya kuweka PIN: maji mliyoletewa bila kuomba, soda ya meza ya pili, nusu iliyoandikwa kilo. Baada ya PIN, kurudishiwa ni kazi ya jioni nzima.

NyotaYaDonholm:

Nawashukuru sana. Maswali mawili ya mwisho. Mume wangu anauliza kama nusu kilo inaweza kugawanywa, robo choma na robo wet fry. Na ikibaki, tuibebe vipi?

MakaaYaKariokor:

Robo ya choma isichomwe, dada. Kipande kidogo kiasi hicho hukauka kabla mafuta hayajaanza kutoka. Akitaka zote mbili apime gramu 750: nusu motoni, robo kwenye sufuria. Ile robo ya wet fry ndiyo itoke mbavuni au shingoni, kwa sababu mfupa ndio unaoupa mchuzi ladha. Huchemshwa kwanza hadi ilainike, dakika 30 hivi, kisha ikaangwe na kitunguu na nyanya. Iombeni pamoja na choma, si baadaye.

UpawaWaPangani:

Kwa paja la choma sikubaliani nawe, Makaa. Mguu wa mbele una utando wa mafuta kati ya misuli na haukauki kama paja. Kwa nusu kilo mimi ningechukua mkono.

MakaaYaKariokor:

Mkono ni mzuri kama mbuzi ni mchanga. Akiwa mkubwa, mkono una mishipa mingi. Mtazame mzoga kwanza, halafu mwamue.

Kuhusu kubeba: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, na nyama ya moto kwenye karatasi ya gazeti hunyonya wino. Bebeni bakuli lenu lenye kifuniko, au ombeni karatasi ya foili. Samaki asifungwe pamoja na nyama. Iingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu itoke motoni, na muda wa safari ya kutoka mjini hadi Donholm jioni ya foleni muuhesabu humo. Kesho yake msiichome tena, itakuwa ngumu. Katakateni mnofu mkaange na kitunguu, na mifupa mwitie kwenye maji na tangawizi, moto mdogo, saa moja na nusu. Chumvi onjeni kwanza kabla ya kuongeza, kwa sababu ile ya ubaoni imeshaingia.