Tupeane uzoefu: namba zilipokoma, ninyi mlijuaje kama ni corona?

Zabibu ya Mpunguzi (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Nimekaa na jambo hili moyoni tangu Februari 2021. Nimelileta leo kwa sababu juzi tulikuwa tunapanga karatasi za mirathi ya baba, nikakutana tena na kile kibali cha mazishi. Kwenye sababu ya kifo pameandikwa "nimonia kali". Basi.

Baba alikuwa mkulima wa zabibu Mpunguzi, hapa Dodoma. Ilianza Jumatatu kama mafua. Mama akachemsha mwarobaini, mchaichai na majani ya mpera, tukamfunika blanketi akapiga nyungu, jasho likamtoka, akasema amepata nafuu. Alhamisi akawa hawezi kumaliza sentensi bila kutulia kwanza. Tukaomba Noah ya jirani tukamleta mjini. Hospitali ya kwanza wakasema vitanda vyenye oksijeni vimejaa. Ya pili wakampokea. Wakambana kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu, nikaona 71. Sikujua 71 maana yake nini mpaka nilipoona muuguzi anamwita mwenzake kwa mkono bila kusema neno.

Niliuliza mara tatu kama atapimwa corona. Daktari, kijana mstaarabu, akanivuta kando akaniambia taratibu: "Dada, tunatibu changamoto ya upumuaji." Mnalikumbuka hilo neno? Mwaka ule kila msiba ulikuwa na changamoto ya upumuaji. Sikumchukia yule kijana, alikuwa amesimama tangu asubuhi na barakoa imeshamchubua pua.

Baba alifariki Jumapili alfajiri. Tulimpeleka nyumbani, tukamwosha wenyewe, watu wakajaa, tukala sinia moja na kulala matanga siku tatu chini ya turubai moja. Wiki mbili baadaye tukamzika baba mdogo, ambaye ndiye aliyeongoza kumwosha kaka yake.

Sisemi kipimo kingemponya baba. Nasema tungejua, baba mdogo angevaa glavu, na wazee wangekaa majumbani mwao.

Kwa wadogo zetu ambao hawakumbuki vizuri: mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 na aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akatangaza shule kufungwa. Tukawa tunapewa idadi kila baada ya siku kadhaa. Tarehe 29 Aprili ikafika 480. Mwanzoni mwa Mei, Zanzibar walipotoa za kwao, ikawa wagonjwa 509 na vifo 21. Hapo serikali ikaacha kutangaza, namba ikaganda zaidi ya mwaka mzima. Baba yangu na baba yangu mdogo walikufa nchi ikiwa bado inasomeka 509.

Naomba tupeane uzoefu. Ulikuwa wapi, ulijuaje unaumwa nini, na unaonaje uamuzi ule wa serikali wa kuacha kutoa namba? Tusitukanane, humu kuna waliofiwa.

Semi ya Rusumo

Pole sana dada. Mimi ni dereva, napiga Dar–Kigali, familia ipo Nkuhungu.

Mimi nilipimwa, ila si nyumbani. Mei 2020 nipo Rusumo, wakati huo Rwanda walishaamua madereva wa nje wasiingie ndani hovyo, unakabidhi gari mpakani kwa dereva mwingine. Foleni ilikuwa ndefu, tunapikiana ugali kati ya magari, tunaazimana masufuria. Ndugu yangu, hicho kijiti kinaingia puani mpaka unahisi kimegusa ubongo, machozi yanakutoka. Siku ya tatu nikaitwa jina, nikaambiwa ninao.

Sikuwa na homa wala kikohozi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Tulidhani mwenye corona lazima aonekane. Mimi nilikuwa nabeba mizigo ya watu wengine na nina nguvu zangu. Nilikaa karantini siku 12 mpaka kipimo cha pili kikatoka safi.

Kilichonisumbua ni niliporudi. Nilifika Dodoma nikiwa na karatasi ya nchi nyingine inayosema nilikuwa mgonjwa, lakini kwetu sikuwa na pa kuipeleka. Niliokuwa nao kwenye gari kabla ya mpaka, utingo wangu na kijana tuliyempa lifti kutoka Singida, hakuna aliyewatafuta. Niliwapigia simu mwenyewe. Utingo alinijibu, "Kaka, usitangaze hilo, tutakosa kazi." Tarehe 16 Mei Kenya wakafunga mpaka na sisi isipokuwa mizigo, wakisema madereva wetu wanakutwa nao. Tukawa tunahesabiwa na majirani.

Mama Wali Sabasaba

Mimi nitasema tofauti na msinichukie. Mwanangu mleta uzi, pole, Mungu awapumzishe wazee wako.

Nauza wali maharage Sabasaba mwaka wa kumi na tano huu. Mumeo akifa mapema ukaachiwa watoto watatu, unajua siku moja bila kuuza ni nini. Machi ile nilikuwa nasikiliza redio, Nairobi wameambiwa saa moja jioni kila mtu ndani, Kampala magari yamesimamishwa. Nililia usiku kwa hofu. Nikasema wakitufungia na sisi, njaa itaua wanangu kabla ya hiyo corona.

Rais Magufuli hakutufungia. Alisimama kanisani hapa hapa Dodoma mwezi ule wa tatu akasema makanisa na misikiti haifungwi, watu wafanye kazi. Niliweka ndoo yenye koki na sabuni mbele ya banda, mteja hashiki sahani kabla hajanawa. Daladala zikawa level siti, abiria waliokaa tu, wateja wakapungua, lakini nilipika kila siku. Wanangu walikula. Mimi kwa hilo namshukuru mpaka leo na siwezi kuacha kusema.

Zabibu ya Mpunguzi (mleta uzi)

Mama, shikamoo. Siwezi kukuchukia kwa hilo, nakubaliana nawe karibu yote. Hata sisi shambani tungefungiwa, zabibu zingeozea kwenye mti. Zabibu haisubiri tangazo la serikali.

Ila naomba tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayafunga kwenye kanga moja. Kutokuwafungia watu ndani ni uamuzi mmoja. Kuacha kupima kwa wingi na kuacha kutoa idadi ni uamuzi mwingine kabisa. Ungeweza kuuza wali wako na bado tukaambiwa wiki hii Dodoma wapo wagonjwa wangapi. Tena wewe unayekutana na watu mia kwa siku ndiye uliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kujua. Ile ndoo yako ya koki uliitoa lini, mama?

Mama Wali Sabasaba

Marahaba. Niliitoa mwezi wa sita, Rais aliposema Mungu ameshatuondolea. Hata wateja walikuwa wananishangaa, mama bado na ndoo? Nikaitoa.

Februari nilimpoteza mwenzangu wa banda la jirani. Alikohoa siku nne tu. Hilo sijawahi kulisema popote.

Kijiti cha Pamba

Mimi ni mteknolojia wa maabara, kanda yetu hii hii ya kati. Naomba nieleze kidogo kuhusu vipimo, maana uongo ulikuwa mwingi na hata leo bado upo.

Mwanzoni sisi wa mikoani hatukuwa na mashine ya kupima corona. Tulichofanya ni kuchukua sampuli. Kijiti chenye pamba unakiingiza puani au kooni, unakizungusha, unakikata na kukitumbukiza kwenye kichupa chenye maji maalumu, unaandika namba, unaweka kwenye kiboksi chenye barafu, gari inaondoka kwenda maabara ya taifa Dar. Unasubiri siku kadhaa. Nilishakaa na mgonjwa akapona na kuruhusiwa, majibu hayajarudi. Nilishakaa na mwingine majibu yakamkuta kaburini.

Mashine yenyewe inatafuta vinasaba vya kirusi na kuvizidisha mara nyingi mno mpaka vionekane. Ndiyo maana ni kali, na kwa sababu ni kali, tone dogo la uchafu kutoka sampuli moja kwenda nyingine linaweza kuleta jibu la uongo. Vipimo vingi vina alama ya ndani ya kukagua kama sampuli imetoka kwa binadamu kweli.

Sasa tarehe 3 Mei 2020. Nilikuwa kazini, runinga ya mapokezi imewashwa. Rais Magufuli, akiwa Chato, akaeleza kwamba sampuli za papai, mbuzi, kware, fenesi na hata oili ya gari zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, na papai na mbuzi yakarudi kuwa na corona. Mapokezi pale kila mtu aligeuka kunitazama mimi na koti langu jeupe. Kesho yake mkurugenzi wa maabara ya taifa akasimamishwa, kamati ikaundwa. Mkuu wa wakati huo wa Africa CDC, taasisi ya Umoja wa Afrika ya kudhibiti magonjwa, John Nkengasong, akasema vipimo walivyogawa ni vizuri. Upimaji ukahamishiwa maabara mpya Mabibo.

Nitasema jambo ambalo wenzangu wengine hawalipendi. Swali la Rais lilikuwa halali. Maabara yoyote nzuri hutegwa. Sisi wenyewe hutumiwa sampuli za siri ili tupimwe sisi tunaopima. Lakini ukitega na maabara ikanasa, unatafuta kosa lilipo, kama ni mashine, vitendanishi (dawa za kupimia), mikono ya watu au karatasi zilizochanganywa. Unarekebisha na kurudia kupima, kisha unawaambia wananchi kosa lilikuwa hapa na sasa namba ni hizi. Mizani ya duka ikidanganya unaipeleka kwa wakala wa vipimo, huendi kupima sukari kwa macho.

Tulirekebisha mizani, ila namba hazikurudi. Na toka siku ile, kila niliyemchukua damu tu ya malaria alikuwa ananiuliza, "Hii mashine yako haitasema mimi ni papai?" Alikuwa anauliza kweli, anaogopa.

Chuo Kimefungwa 2020

Nilikuwa mwaka wa pili UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Vyuo vilifungwa tarehe 18 Machi, tukajazana stendi maelfu kwa siku moja, tukasambaa nchi nzima na mabegi yetu. Hakuna aliyetupima joto hata. Tulirudi tarehe 1 Juni. Sina kingine, ila ile stendi siisahau, na bibi yangu Kondoa nilimkumbatia siku hiyo hiyo. Alhamdulillah alikuwa salama.

Nesi wa Chamwino

Wakuu, mimi nina kipande cha mwisho cha hadithi hii.

Nakumbuka Februari 2021 wodini kwetu. Tulikuwa na mitungi michache ya oksijeni, tunabadilishana. Ndugu wa mgonjwa anasukuma mtungi kutoka kitanda hiki kwenda kile, magurudumu yanalia sakafuni, na kila mgonjwa anageuza shingo kuona unaelekea wapi. Sauti ile naisikia mpaka leo. Barakoa nilishonewa na fundi cherehani wa Majengo, mbili, nafua usiku navaa asubuhi. Mwezi ule ule Waziri wa Afya, Dkt. Gwajima, alikuwa ametangaza kuwa nchi haina mpango wa kupokea chanjo, na tukaonyeshwa kinywaji cha tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili. Mwanzoni mwa Machi Baraza la Maaskofu Katoliki likasema wamezika mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 ndani ya miezi miwili. Nakumbuka sote wodini tulinyamaza. Ilikuwa hesabu ya kwanza kutajwa hadharani kwa muda mrefu, na ilitoka kwa Kanisa.

Kisha Rais Magufuli akafariki tarehe 17 Machi, Mama Samia akaapishwa, Aprili akasema ataunda kamati ya wataalamu, Mei wakampa ripoti. Tarehe 24 Julai zikaja dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, siku nne baadaye akachanjwa yeye mwenyewe mbele ya kamera.

Agosti nikapewa kiboksi cha baridi na pikipiki, niende vijijini kuchanja. Kijiji cha kwanza nilikaa chini ya mbuyu kuanzia saa mbili mpaka saa saba. Walikuja watu wanne. Mzee mmoja akanisogelea kwa heshima zote, akaniambia: "Mwanangu, mwaka jana mlituambia ugonjwa hakuna, mkatuambia vipimo vinadanganya, mkatuambia chanjo si nzuri. Leo ninyi hao hao, na makoti hayo hayo, mnasema ugonjwa upo na chanjo ni nzuri. Nikuamini wewe wa lini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ukweli wangu, kwamba mimi mwenyewe nimechanjwa, na nikamweleza habari za ule mtungi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaaga, akaondoka. Baada ya wiki mbili alirudi akaomba achanjwe, na akaja na mke wake. Sijui ilikuwa chanjo ama ilikuwa ule mtungi.

Semi ya Rusumo

Dada mleta uzi, hicho kibali hamkuomba kibadilishwe?

Zabibu ya Mpunguzi (mleta uzi)

Nilitaka kaka. Mama akakataa. Alisema nani atabadilisha, na atabadilisha aandike nini, wakati hakupimwa? Yule daktari asingeweza kuandika asichokijua. Tumekiweka kwenye faili pamoja na hati ya shamba, Jumatatu tunakwenda nacho mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi. Cha baba mdogo mkewe ndiye anacho, nimempigia jana akanisomea. Nacho kinasema nimonia.

Wengine endeleeni, nasoma zote.