Ushauri: Fildi kwenye taasisi ya elimu ya viumbe wa bahari, au nibaki ofisi ya halmashauri?

Binti wa Manyoni
Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili, nasoma usimamizi wa wanyamapori, chuo cha bara. Fildi yetu ni wiki 8 kuanzia katikati ya Julai. Nina barua mbili za kukubaliwa. Moja ni ya taasisi isiyo ya kiserikali pwani ya kusini, wanafundisha watoto wa shule za msingi habari za kasa, matumbawe na mikoko. Nyingine ni ofisi ya maliasili ya halmashauri ya kwetu, nitalala nyumbani. Wale wa pwani wanatoa chumba, chakula tunachangia, posho hakuna. Natamani sana kuona kasa wakitaga na papa potwe, yule papa mkubwa wa madoadoa, na naamini pwani kutanisaidia zaidi kwenye ajira. Lakini nasita, hata usingizi sipati. Chuo kinataka jina la kituo Ijumaa. Ninyi mngechagua kipi?

Hesabu Kwanza
Anza na hela mdogo wangu. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo, fedha ya mafunzo kwa vitendo huhesabiwa kwa siku na mwisho wake ni siku 56, ambazo ndizo wiki zako 8. Kwa 10,000 kwa siku unapata 560,000. Toa nauli ya kwenda na kurudi, mchango wa chakula, vocha, na kuchapa ripoti. Tatizo ni kwamba mara nyingi hela hiyo huingia mtu akiwa ameshafika kituoni, kwa hiyo ondoka na akiba ya wiki tatu.

Jambo la pili, muulize mratibu wa fildi kama msimamizi atafika huko. Vyuo vingi hupanga wakaguzi kwa kanda. Ukiwa peke yako kwenye kituo cha mbali unaweza kukaguliwa kwa simu, na hapo daftari lako la kila siku ndilo litakalokutetea. Lijazwe na kusainiwa kila wiki, usisubiri ya mwisho.

Kasa Ng'amba
Kabla ya hela, ujue unachokwenda kukiona. Kwenye pwani ya Tanzania wanaotaga ni aina mbili, kasa wa kijani na ng'amba. Kilele cha kasa wa kijani kutaga ni kama Aprili hadi Juni, na mayai hukaa mchangani siku 55 hadi 60 hivi. Kwa hiyo Julai na Agosti utakuta zaidi watoto wanaototoka kuliko mama anayetaga. Papa potwe ndiyo usahau kabisa, msimu wao Mafia ni Oktoba hadi Februari. Julai ni kusi, upepo wa kusini, bahari imechafuka. Nyangumi ndio wanaopita miezi hiyo.

Usivunjike moyo lakini, maana kwa mwanafunzi kipindi cha kutotoka kina kazi nyingi kuliko cha kutaga. Kiota kikishatotoka husubiriwa kama siku tatu, kisha hufukuliwa kwa mkono wenye glavu. Kila ganda lililozidi nusu huhesabiwa kuwa yai moja lililototoka. Yanatengwa mafungu: yaliyototoka, yasiyokuwa na kijusi kinachoonekana, yaliyokufa yakiwa na kijusi, na watoto waliokwama hai, ambao huachiwa jioni watambae wenyewe hadi majini. Kiota cha kasa wa kijani huwa na mayai mia na kitu. Ukikuta mengi yamekufa mapema, uliza maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yalifika hapo mara ngapi, au kama kiota kilihamishwa kwa kuchelewa. Yai likishakaa saa chache kijusi hujishika juu ya ganda, ukiligeuza unakiua. Ndiyo maana kuhamisha hufanywa usiku uleule, yai likibaki upande lilivyokuwa.

Jifunze na nyayo. Njia ya kasa wa kijani ina upana wa kama mita moja na mapezi yanakwenda pamoja, alama zinalingana kulia na kushoto. Ng'amba njia yake ni nyembamba, na alama zinapishana. Asubuhi, alama hizo ndizo zitakazokuambia nani alipanda ufukweni.

Mwalimu wa Zamu
Kasa Ng'amba umeeleza vizuri, ila aliyeuliza hajauliza mayai. Binti, umetaja chumba, chakula, posho na ajira, na kwa maneno yako mwenyewe unaipendelea pwani. Kinachokunyima usingizi ni kipi? Barua inasema utafanya kazi gani hasa?

Binti wa Manyoni
Ni umbali tu, na wazazi wana wasiwasi. Kazi ni za elimu, kuongoza vikundi vya wanafunzi.

Mwalimu wa Zamu
Kuwaongoza wapi? Darasani, ufukweni, mwambani au majini? Hivyo ni vitu vinne tofauti.

Binti wa Manyoni
Sawa, niseme. Barua inasema mwambani maji yakikupwa, kwenye mikoko, na Jumamosi kuwaingiza watoto majini kwa miwani na mrija. Kwenye fomu ya maombi waliuliza kama naweza kuogelea, nikajaza ndiyo. Siwezi.

Lakini kabla hamjanishambulia, zimebaki wiki tatu na nimeshampata mtu wa kunifundisha kwenye bwawa la hoteli Dodoma. Halafu mimi naenda kufundisha, si kuokoa watu, hawawezi kukosa wenyeji wanaojua maji. Na nauli nimeshalipa.

Nahodha wa Ngalawa
Wiki tatu zinatosha mtu kujifunza kuelea na kwenda mita chache bila hofu. Hazitoshi kumlinda mtoto. Anayeanza kujifunza kuzamia kwa mitungi tu hupimwa mita 200 za kuogelea na dakika 10 za kuelea, na hapo anajiangalia mwenyewe. Mtoto anayezama hapigi kelele. Hushika kilicho karibu, na wewe ukiwa karibu atakushika shingoni. Asiyejua maji akifika hapo wanakuwa wawili.

Na usidhani mwambani ni nchi kavu. Kati ya mwamba na ufukwe mara nyingi pana mkondo wenye kina kuliko mwamba wenyewe. Maji yakigeuka hujaza ule mkondo kwanza, nyuma ya migongo yenu, huku mlipo bado pakavu. Mkija kugeuka njia ya kurudi ni kiunoni kwa mtu mzima, shingoni kwa mtoto wa darasa la nne. Mnaingia maji yangali yanatoka, kama saa moja na nusu kabla hayajakauka kabisa, na yakianza tu kugeuka kikundi kiwe kinarudi.

Neno la Mzee
Binti yangu, umeandika ndiyo mahali pa hapana, na mzazi wa kule atamkabidhi mwanawe kwa sababu ya ndiyo hiyo. Hilo ndilo linalokukosesha usingizi, na ni vizuri likukoseshe. Rekebisha kabla hujapanda basi.

Mpima Maneno
Wakuu mnakunywa chai na mnaomba iongezwe. Mtu wa wanyamapori mwaka wa pili anataka kuona papa potwe Julai? Na nimeona alipouliza kwenye uzi wa usafiri, akasema ratiba yake ni mwambani Jumanne saa nne asubuhi kwa wiki zote 8. Hakuna taasisi ya pwani inayopanga hivyo. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kama Jumanne hii yamekauka saa nne, Jumanne ijayo saa nne yamejaa. Huyu hajapata barua yoyote, anatunga.

Hesabu Kwanza
Hapo umemshika. Mimi nilikuwa namhesabia Bodi bure.

Binti wa Manyoni
Sijatunga. Pale niliandika kwa kifupi, naombeni radhi kwa hilo. Ratiba yenyewe hii hapa: Jumanne ya wiki ya kwanza, tatu, tano na saba ni mwamba, saa nne asubuhi. Jumanne ya wiki ya pili, nne, sita na nane ni somo la kasa shuleni. Alhamisi mikoko. Jumamosi majini "kulingana na maji". Papa potwe wako kwenye picha ya kipeperushi chao, nami nikadhani wapo mwaka mzima. Kwetu Manyoni hakuna wa kuniambia.

Nahodha wa Ngalawa
Basi ratiba hiyo ni ya mtu anayejua bahari, Mpima Maneno. Bamvua pwani yetu maji hukauka kama saa nne au saa tano asubuhi, na wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kukauka sana, saa hizohizo ndipo yanapojaa. Ukiruka wiki moja unarudi kwenye bamvua, ndiyo maana mwamba umewekwa wiki moja na darasa wiki inayofuata. Kasoro ni ndogo. Mzunguko wa bamvua hadi bamvua unakaribia siku 15, si 14, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili maji yatakauka mapema kidogo, dakika 35 hadi 40. Ukianza na saa nne, kufikia wiki ya saba yatakuwa yamekauka karibu saa mbili asubuhi, na hayatatoka mbali kama siku ya kwanza. Wakishikilia saa nne ile wiki ya saba, watoto watakuwa mwambani maji yakiwa yamepanda kwa muda wa saa mbili nzima. Waonyeshe hesabu hiyo. Jedwali la maji lipo, walinganishe.

Mpima Maneno
Kwa wiki moja kati ya mbili nakubali, hesabu inakaa. Kuhusu fomu bado nataka kusikia atafanya nini.

Mwalimu wa Zamu
Mwandikie mratibu wa taasisi leo, si ukifika. Mistari mitatu inatosha: kwenye fomu nilijaza kwamba naogelea, si kweli, naomba nisipangiwe kikundi chochote majini wala mwambani bila mtu anayeogelea pembeni yangu. Kisha taja unachoweza. Na nakala kwa msimamizi wako wa chuo, maana akija kukagua ataikuta kazi imebadilika.

Binti wa Manyoni
Wakifuta nafasi je? Ijumaa ni keshokutwa. Nilikuwa nafikiri niende kwanza wanione ninavyofanya kazi, halafu niwaambie taratibu.

Mwalimu wa Zamu
Ukiwaambia taratibu, utawaambia tayari wameshakugawia watoto kumi. Ofisi ya halmashauri bado ina barua yako, kwa hiyo hata wakifuta hujakosa fildi. Wala sioni kwa nini wafute, kazi kubwa ya taasisi kama hizo iko nchi kavu. Chukua somo la kasa shuleni. Chora kwa chaki sakafuni kasa wa mita moja, watoto wapime kwa viganja. Mwaga maharage 1,000 mezani, kila fungu liondolewe na adui wake: kaa, ndege, samaki, nyavu za jarife, plastiki. Libaki moja ulilolipaka rangi. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba katika watoto elfu mmoja ndiye hufika utu uzima. Dakika 40 zinatosha, ila anza kuhesabu maharage siku moja kabla, usihesabu mbele ya darasa.

Kasa Ng'amba
Na somo la nyama usiliache. Machi 2024 Kisiwa Panza, Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ile haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na kwa macho huwezi kumjua kasa mwenye sumu. Darasa la pwani linaweza kuwa na mtoto ambaye nyumbani kwao huliwa, kwa hiyo usiwaulize nani ameshakula, wataona haya na wataacha kusikiliza. Eleza tu dalili, kuwashwa mdomo na koo, kutapika, usingizi mzito, na kwamba wapelekwe hospitali mara moja.

Binti wa Manyoni
Nimewaandikia saa hizi, nakala kwa msimamizi. Nimeweka na ile hesabu ya wiki ya saba. Nimeambatisha pia kwamba nitaendelea na mafunzo ya bwawa, lakini si kwa ajili ya kushika watoto. Wakinikubali, nibebe nini?

Nahodha wa Ngalawa
Viatu vyenye soli ngumu vinavyofunga kisigino. Ndala hubaki kwenye tope la mikoko, na mwambani kuna viumbe wale wa miiba mirefu myeusi na taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, waliojificha mchangani. Ukitembea mchanga wenye maji buruta nyayo, usinyanyue, taa atakimbia kabla hujamkanyaga. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa na zaidi, huku mnatafuta zahanati. Chupa ya chai yenye maji ya moto iwe kwenye mkoba wa kila kikundi.

Kasa Ng'amba
Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu kwa doria za usiku, na betri za akiba. Nyeupe humrudisha mama majini kabla hajataga, na watoto huifuata taa badala ya bahari. Kama huna nyekundu, funika kioo kwa karatasi nyekundu ya nailoni mara mbili.